Mavuno ya Asiyelima

Je, mtu asiyelima ana haki ya kusherehekea mavuno? Swali hili hatukulipata kitabuni. Tuliulizwa na mtoto wetu wa miaka tisa, mezani, siku tulipokuwa tukipanga Sikukuu ya Mavuno ya nyumbani huku tukiishi Leicester, katikati ya Uingereza, ambako hakuna hata mmoja wetu mwenye shamba. "Tunamshukuru Mungu kwa shamba gani?" aliuliza. Tukamjibu haraka haraka, kama wazazi wafanyavyo wanapobanwa: kwa shamba la bibi. Naye akasema, "Basi bibi ndiye ashukuru." Tulicheka, tukaendelea kuhesabu viti vya kukodi. Lakini neno lile lilibaki nasi, na yaliyotupata mwaka ule yakatulazimisha kulirudia.

Sisi ni watu wa Narung'ombe na vijiji vya jirani, upande wa Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi. Huku ugenini tu kaya saba. Wengi wetu tunahudumia wagonjwa na wazee, mmoja anaendesha basi, mmoja bado anasoma. Kwa msomaji asiyepafahamu kwetu, tuseme hivi: mvua zikishakatika, watu huvuna mahindi, mtama, mbaazi na ufuta. Ufuta huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi vilivyo chini ya RUNALI, chama kikuu ambacho jina lake limeunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Korosho huja baadaye, kuelekea mwisho wa mwaka. Katikati, miezi ya kiangazi, ndipo watu hupumua. Watoto hupelekwa jandoni, ngoma husikika usiku, akina mama huchimba ming'oko porini, na kanisa hutangaza siku ya mavuno.

Siku hiyo haimo katika kalenda ya taifa. Nane Nane ni ya wakulima wote wa nchi, na sisi watu wa kusini huiendea viwanja vya Ngongo, Lindi. Lakini siku ya mavuno ya kanisa ni ya mahali. Kila kanisa huipanga lenyewe kwa kuangalia mashamba yake, na kanisa la pili, umbali wa saa mbili kwa baiskeli, huweza kuwa na tarehe nyingine. Watu huingia kwa maandamano wakiwa na nyungo kichwani, kuku waliofungwa miguu, mbuzi anayegoma mlangoni, maboga, mikungu ya ndizi, na daima mtoto mmoja mwenye mayai mawili ndani ya kikombe. Baada ya kubarikiwa, vyote hupelekwa nje chini ya mwembe kwa mnada. Yai huuzwa, mnunuzi hulirudisha kwa kanisa, linauzwa tena. Majirani zetu Waislamu huja pia, nao hupandisha bei huku wakicheka, kwa kuwa katika vijiji vyetu ukoo mmoja mara nyingi una watu wa dini zote mbili.

Hiyo ndiyo siku tuliyokuwa tukijaribu kuihamishia katika ukumbi wa kukodi wenye zulia la kijivu.

Mwenzetu mmoja alipinga tangu mwanzo. Alisema sikukuu ya mahali haisafiri. Mavuno yana vumbi lake na harufu yake, na yana miezi saba ya jembe nyuma yake. Ukiyaondoa hayo, kinachobaki ni karamu tu. Akaongeza kwamba fedha ya ukumbi na chakula ingeweza kununua mabati ya kanisa la nyumbani, ambalo upande mmoja linavuja. Tulimjibu kwa habari ya yule mwanamke aliyempaka Bwana marhamu ya thamani, na Yuda aliyelalamika kwamba ingeuzwa wakapewa maskini. Ilikuwa jibu la kumnyamazisha, halikuwa jibu la haki. Yohana anaeleza wazi kwamba Yuda hakuwajali maskini. Ndugu yetu anawajali. Hakuna mwezi apitao asipotuma kitu nyumbani. Hoja yake ilistahili kupimwa.

Tuipime basi. Ikiwa sikukuu haiwezi kuhama, sisi wenyewe tusingekuwa nayo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kutoka Unguja kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walikusudia kufika upande wa Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walikuwa wametekwa. Walipofika Masasi wakaona nchi ni nzuri, wakabaki, na kutoka pale neno la Mungu likasambaa katika nchi zetu hizi. Kanisa letu basi lilianzishwa na watu waliokuwa njiani kurudi kwao, wasifike. Hata ibada ya mavuno kama tunavyoijua ina asili ya safari. Waingereza wenyewe husimulia kwamba namna yake ya sasa ilianzishwa mwaka 1843 na Padre Robert Stephen Hawker, katika kanisa la Morwenstow huko Cornwall. Wamisionari walikuja na desturi hiyo. Wazee wetu, ambao tangu zamani walijua kwamba malimbuko hayaliwi kabla ya kuombewa, waliitambua mara moja wakaifanya yao. Leo tunairudisha Uingereza ikiwa na mbuzi na mnada.

Vilevile hatuwezi kusema kwamba kila sikukuu ya asili ni ya kuachwa mara mtu anapovuka mpaka wa imani au wa nchi. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, alikuta watu wa kanisa wamegawanyika kuhusu jando. Angeweza kulipiga marufuku. Akachagua kuliingiza ndani ya kanisa, likawa jando la Kikristo, lenye sala zake. Wapo waliomlaumu na wapo waliomsifu, na mjadala ule haujaisha hata leo. Sisi tunachojifunza kwake ni swali alilouliza: sikukuu hii inamtumikia nani? Hakutosheka kuuliza imetoka wapi.

Na mji huu tunaoishi una ushuhuda wake. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia kutoka Uganda, halmashauri ya Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije. Walikuja. Leo, kila mwaka, Barabara ya Belgrave huwashwa taa kwa sikukuu yao ya Diwali, na maelfu ya watu wa kila rangi hujaa pale. Sisi hatushiriki imani yao. Lakini mwenye duka tunayenunua kwake mihogo na bamia, mzaliwa wa Kampala, bado hutusalimu kwa Kiswahili, na kila Diwali hututilia pipi mfukoni bila kutuuliza dini. Watu walioambiwa wasije sasa ndio wanaowakaribisha wengine. Hilo lilitupa moyo kwamba sikukuu inaweza kuvuka bahari ikabaki hai. Hatukulitazama vizuri. Tuliona taa, hatukuziona pipi.

Hivyo tukaifanya. Tulipanga Jumamosi ya mwisho ya Julai. Mchango ulikuwa pauni 40 kwa kaya, na ili mambo yaende vizuri tukaweka orodha katika kundi letu la WhatsApp. Aliyelipa aliwekewa alama ya vema. Ambaye bado, kistari. Dada mmoja, anayeishi peke yake na kulea wazee majumbani, alibaki na kistari hadi siku ya mwisho. Hakuandika neno. Siku ya sikukuu hakuja. Tulisema amejitenga, na mmoja wetu akasema ana kiburi. Kisha muziki ukapigwa.

Sikukuu ilifana. Tulivaa vitenge vya sare, tukaimba, padre mgeni akatuombea. Mnada ulikuwa moto. Kuku mmoja wa dukani, aliyekwisha kuchinjwa na kufungwa kwenye plastiki, aliuzwa, akarudishwa, akauzwa tena, mpaka akafika pauni 120. Tulipiga picha za video tukazituma nyumbani usiku uleule. Nyumbani mwaka ule mvua zilikuwa zimekatika mapema. Ufuta wa wengi ulikauka kabla ya kujaza. Tulilijua hilo, maana tulikuwa tumeambiwa kwa simu. Hata hivyo tulituma.

Asubuhi yake ulikuja ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja mzee wa kanisa, mama wa mwenzetu na kwa hiyo mama yetu sote. Alisema: "Wanangu, tumeona. Mmependeza. Kuku mmemuuza bei ya ng'ombe! Sasa yule binti yetu mwingine mbona hatukumwona? Anaumwa?"

Tukamjibu, "Shikamoo mama. Alikuwa na kazi." Tulijua kwamba hatukuwa na hakika. Akarudisha: "Marahaba. Siku ya mavuno mtu hakosi kwa ajili ya kazi. Nendeni mkamwangalie."

Katika video ya dakika kumi na moja, yenye nyuso zaidi ya thelathini, mama yule alitafuta uso ambao haukuwepo. Sisi tuliokuwa ukumbini hatukuutafuta.

Tulikwenda Jumanne jioni, watu watatu. Ni vituo viwili tu vya basi kutoka kwenye ukumbi ule. Alitufungulia, akatuandalia chai, hakutulaumu. Pole pole tukaelewa kwamba saa zake za kazi zilikuwa zimepunguzwa tangu Mei, kodi ya chumba ilikuwa imechelewa, na kwamba mara mbili alikwenda katika kanisa la Kiingereza la jirani kupokea mfuko wa chakula kutoka benki ya chakula. Kuhusu orodha yetu alisema tu, "Niliona jina langu." Tukamuuliza siku ya mavuno aliipitishaje. Akaona haya kidogo. Alisema Jumapili alikwenda kusali kanisani pale, akiwa na pakiti ya maharage na kopo la samaki, akaviweka katika kapu la benki ya chakula lililo mlangoni. Vilikuwa sehemu ya vitu alivyokuwa amebakiza. "Nyumbani," alisema, "hatuendi madhabahuni mikono mitupu."

Tulirudi bila maneno mengi. Kwa hesabu yetu sisi tulikuwa tumesherehekea na yeye alikosa. Njiani ilitudhihirikia kwamba mambo yalikuwa kinyume.

Tangu hapo tumerudi katika Maandiko, tukiwa tunatafuta kuonywa, kwa sababu kuthibitishwa tulikuwa tumejithibitisha vya kutosha. Tulikuta kwamba swali la mtoto wetu ni la kale. Katika Zekaria sura ya 7, watu wanatuma wajumbe kuuliza kama waendelee kuzishika siku zao za kufunga na kuomboleza, walizozishika miaka yote sabini ya uhamisho. Ni swali la kalenda. Bwana hajibu kwa kalenda. Anawauliza kama walifunga kwa ajili yake kweli, na kama walipokula na kunywa hawakuwa wakijilia na kujinywea wenyewe. Kisha anawakumbusha mjane, yatima, mgeni na maskini. Jibu zima ndilo hilo.

Tulikuta pia jambo ambalo tulikuwa tumelisoma mara nyingi bila kuliona. Mambo ya Walawi sura ya 23 ni orodha ya sikukuu: Pasaka, malimbuko, Pentekoste, vibanda. Katikati yake kabisa, mara baada ya sikukuu ya mavuno, umeingizwa mstari unaoonekana kama umepotea njia. Unamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni na kuokota masazo. Hayo ayaache kwa maskini na mgeni. Kwa nini amri ya shamba imewekwa ndani ya orodha ya sherehe? Sisi tunaona ni kwa sababu bila hiyo sherehe haijakamilika. Sikukuu ambayo haina pembe iliyoachwa kwa mwingine imevunwa hadi mpakani.

Na katika pembe hiyo ya shamba ndipo tunapomkuta Ruthu, Mmoabi, mwanamke mgeni katika nchi isiyo yake, msimu wa shayiri. Hakulima. Hakupanda. Lakini mavuno ya Bethlehemu yalimhusu, kwa sababu kulikuwa na sheria iliyomwachia nafasi, na kulikuwa na mtu aliyeitii. Hapa tumepata jibu la kwanza kwa mtoto wetu. Ndiyo, asiyelima anaweza kushukuru kwa mavuno, akishukuru kama mwokotaji wa masazo. Sisi huku ni Ruthu. Chakula chetu chote kimepandwa na mikono tusiyoijua. Kosa letu lilikuwa kuingia shambani kama Boazi, mwenye mali, tukapiga mnada.

Jibu la pili tumelipata kwa Nehemia na Esta. Watu walipolia kwa kuisikia torati, Nehemia na wenzake waliwaambia waende wakale vinono, na wampelekee sehemu yule ambaye hakuandaliwa kitu. Na Purimu, sikukuu iliyozaliwa ugenini, kati ya Wayahudi waliotawanyika katika ufalme wa Uajemi, iliamriwa tangu mwanzo iwe siku ya kupelekeana sehemu za chakula na kuwapa maskini zawadi. Inatupasa kulizingatia hili sisi tuliotawanyika. Sikukuu ya ugenini haina mwembe wala vumbi la nyumbani. Uhalali wake basi utatoka wapi, kama si katika ile sehemu inayopelekwa?

Lakini kupeleka nako kuna mtego. Tulikuwa tukipeleka. Baada ya mnada ule tulituma nyumbani fedha nyingi kuliko mwaka wowote. Tulituma na video ya bei pamoja nazo, kwa watu ambao ufuta wao ulikuwa umekauka. Sadaka yetu ilifika ikiwa imetanguliwa na tarumbeta, na Bwana wetu amekwisha kusema juu ya tarumbeta za namna hiyo. Ndiyo maana hatukubali tena hoja kwamba ingetosha kuacha sherehe na kutuma fedha tu. Fedha peke yake ingetuacha tukiwa wafadhili. Tunahitaji siku ambayo tunakumbuka kwamba sisi ni wanufaika, kwamba miili hii inayofanya kazi huku ilijengwa na mtama na mihogo ya watu ambao bado wako shambani.

Sasa tunafanya hivi, nasi tunayaeleza kwa faida ya wengine walio kama sisi, bila kudai kwamba tumefika. Orodha ya michango tumeifuta. Kila mtu huja na alichonacho ndani ya mfuko uliofungwa, na mifuko yote huwekwa pamoja mbele. Wiki moja kabla, tunapiga simu nyumbani kuuliza walichovuna, kaya kwa kaya, na siku yenyewe tunakisoma kwa sauti kabla ya sala: huyu magunia manne ya mbaazi, yule debe mbili za mtama, huyu hakupata kitu. Hapo ndipo wengi wetu hulia. Mnada bado upo, maana bila mnada watoto wasingekuja. Mapato yake tumekubaliana tangu mwanzo yagawanywe mara mbili, nusu kwa kanisa la nyumbani na nusu kwa benki ya chakula ya mtaani. Video za bei hatutumi. Na mwezi Oktoba, Waingereza wanapofanya mavuno yao kwa makopo na pakiti za tambi, tunakwenda pia, tunakaa viti vya nyuma, tunashukuru kwa shamba la wengine.

Ndugu yetu aliyepinga bado anapinga kidogo. Anasema ukumbi ni ghali. Tumemsikiliza, tumehamia kwenye sebule ya mmoja wetu, na mabati yamenunuliwa. Huenda siku moja watoto wetu wataiacha sikukuu hii, kwa sababu Narung'ombe kwao itakuwa jina tu. Hatuwezi kulizuia hilo kwa vitenge vya sare. Mwaka jana, hata hivyo, yule mtoto aliyetuuliza swali ndiye aliyempigia bibi yake simu. Aliuliza amevuna nini, akaandika kwenye daftari, na alipofika zamu yake akasoma: "Bibi, mtama magunia mawili, ufuta haukutoka." Kisha akauliza kama anaweza kuomba yeye. Aliomba kwa Kiingereza. Bibi alikuwa kwenye simu akisikiliza. Mwisho wa sala alisema Amina, nasi tukaisikia.

Kwenu ninyi mlioko nyumbani, tunaomba jambo moja. Tukiwatumia picha zetu, msituambie tu kwamba tumependeza. Hesabuni nyuso. Mkiona mmoja hayupo, tuulizeni yuko wapi, wala msikubali jibu la kwanza.